Wa Mwisho Kuzikwa Ndiye Anachota Maji

Ninyi watatu mnaochimba sasa mmeniomba niandike kazi ilikuwaje zamani. Sekretere wa parokia alitaka niseme naye aandike kwa mashine yake. Nilikataa. Minye nilisoma miaka miwili tu ya primeri, lakini herufi zote ninazijua, na makaburi yote upande huu wa kijito nimeyachimba kwa mikono hii, basi na karatasi hii nitaichimba mwenyewe. Mwezi uliopita nilirudisha beleshi, majembe mawili, sururu na kamba. Sherehe haikufanywa na sikuitaka. Habari ya vyeo nitaipita. Katika kazi yetu hakuna kupanda, kuna kushuka tu, na ukimaliza unatoka kama una bahati.

Aliyenifundisha ni Mzee Kashindi, mtu mfupi, mweusi sana, mwenye mdomo mkali. Siku ya kwanza alinipa jembe akaenda zake. Nilichimba toka asubuhi mpaka jua likawa katikati. Akaja, akaangalia, akasema, "Ingia. Lala."

Nililala.

"Unaona nini?"

"Mbingu, Mzee."

"Ni pana ao ni nyembamba?"

"Nyembamba."

"Basi panua. Muntu amelala maisha yote kwa mukeka wa kujikunja, na hapa pia unataka kumukunja?"

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Alinionyesha kwamba upande wa ziwa mchanga unaanguka, lazima utie mbao pembeni kabla hujafika kiunoni. Upande wa mlima ni mawe yaliyotelemshwa na mvua, hapo jembe halifai, ni sururu. Maiti unampima kwa tete, na tete lenyewe unalichoma siku ileile, usiache kipimo cha mtu kimesimama ukutani kinamngoja mwingine. Kina unakijua ukisimama ndani na ardhi ikakufikia kidevu. Na mwiko wake mmoja alinirudilia kila mwezi: maiti aliyetolewa na ziwa azikwe palepale mchangani ziwa lilipomweka. Asiingizwe ndani ya ua wa makaburi. "Ukimuingiza," alisema, "umefungulia ziwa mulango, na ziwa halijui kubisha hodi."

Kidogo kabla ya uhuru tulipata padri mpya, Padri Kolumu. Alikuwa mwekundu kama pilipili na hakupenda kuitwa Mbelgiji. Nchi yake ilikuwa Irlandi, na alituambia iko katikati ya maji na mvua inanyesha kila siku, hata siku ya arusi. Siku za uhuru, vijana walipokuja misioni kuimba kwamba Wabelgiji warudi kwao, alitoka kwenye baraza akapiga kelele, "Minye pia nawambia warudi! Hata sisi kwetu tulitawaliwa!" Vijana hawakujua wafanye nini na mzungu wa namna hiyo. Walimpa mkono wakaenda.

Alipenda sana habari za kwao. Si za miji, za parokia ya baba yake, kijiji cha mawe na majani mabichi. Alisema kule kuna mti wa miiba unasimama peke yake shambani na hakuna anayethubutu kuukata, hata barabara inazunguka. Mtu akifa wanasimamisha saa ya ukutani, wanafunika kioo, wanafungua dirisha roho ipite. Na wanawake wanakaa kando ya maiti wanalia kwa sauti, wanawataja baba zake mmoja mmoja.

Mzee Kashindi alimsikiliza mdomo wazi. "Kumbe nao wanalia," aliniambia. "Hii njo mara ya kwanza muzungu anasema kitu."

Sasa, alasiri moja tulikuwa tumemzika mvuvi mmoja mkubwa. Tulikaa kwenye ukuta wa makaburi, Padri, Kashindi, minye na wanaume wengine, tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Padri akacheka peke yake. Akasema, "Leo huyu ana kazi." Tukauliza kazi gani. Akasema kwao bibi yake alimwambia hivi: mtu wa mwisho kuzikwa ndiye anawachotea maji marehemu wote wa makaburi yale. Hapumziki. Anachota na kubeba mpaka siku atakapozikwa mwingine, ndipo anampokeza chombo na kulala. Kwa hiyo maiti wawili wakitoka siku moja, familia zinakimbizana barabarani, kila moja inataka wa kwao aingie mbele, asiwe wa mwisho.

Alicheka tena. Sisi hatukucheka. Tuliangalia kaburi jipya, udongo ukiwa bado na unyevu.

Mwezi haukuisha, parokia nzima ilijua. Walidhani ni sheria ya Kanisa ambayo Wabelgiji waliwaficha. Wanawake walianza kuweka mtungi kwenye kaburi la mwisho, wauhamishe likija jipya. Na siku moja, miezi michache baada ya uhuru, maiti wawili wakatoka, mmoja toka juu mlimani, mmoja toka pwani. Nilisimama mlangoni na beleshi nikawaona wanakuja mbio, sanduku linaruka mabegani, waimbaji nyuma wamepoteza wimbo.

"Sisi tumefika mbele!" wakalia wa pwani.

"Miguu ya maiti yenu iko bado inje!"

"Na weye kichwa chako kiko wapi? Toa sanduku lenu kwa mulango!"

Sanduku la watu wa juu lilianguka kwenye mawe na ubao ukapasuka. Sitawaandikia kilichoonekana. Fundisho ni hili: maiti wawili wakija, simama mlangoni mwenyewe, na uwaingize wote wawili bega kwa bega, hata kama lazima uvunje ua.

Jumapili iliyofuata Padri Kolumu alipanda altare, uso umemzidi wekundu, akasema ni hadithi ya bibi, haimo ndani ya katekisimu, aliye wa mwisho na aliye wa kwanza wote wanapumzika kwa Bwana. Watu walimsikiliza kwa heshima. Walipotoka nje nikasikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Umeona? Askofu amemuandikia anyamaze."

Basi ikabaki.

Kisha ikaja miaka ya maasi. Siku moja kabla ya bunduki kulia mjini Uvira nilimzika mtoto wa miaka sita, Sifa, aliyekufa kwa surua. Mama yake alikuwa Nabintu, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mjane, na mgongoni alikuwa na mwingine anayenyonya. Kaburi lilikuwa fupi, saa mbili tu za kazi. Nabintu mwenyewe alihamisha mtungi akauweka kichwani kwa mtoto.

Kesho yake kila mtu alikimbia. Wakristo walimsukuma Padri ndani ya mtumbwi kwa nguvu, akilia kwamba hawezi kuacha kengele. Mke wangu na watoto walivuka ziwa kwenda Burundi pamoja na Mzee Kashindi. Mtumbwi ulijaa, nikasema nitafuata. Sikufuata. Msiandike kwamba ni ushujaa. Nilisema mtu mmoja lazima abaki na makaburi, na nilipogundua kwamba ni ujinga, mitumbwi ilikuwa imekwisha. Wengine walipanda milimani, njia ya Bijombo, na Nabintu alikwenda nao.

Nilikaa katika kibanda cha vyombo. Nilikula muhogo wa mashamba ya watu. Kimya cha mchana kilikuwa kibaya kuliko bunduki. Jogoo hawakuwepo, wameliwa. Ziwa linameremeta, mlango wa kanisa unajifungua na kujifunga.

Ilikuwa kiangazi, vumbi jeupe. Siku ya nane au ya tisa, saa sita kamili, niliona matone ya maji njiani. Yalitoka kijitoni, yakapanda, yakaingia mlango wa makaburi, yakafika kwenye kaburi la Sifa. Mtungi ulikuwa umejaa. Matone yalikuwa karibukaribu, kama ya mtu wa hatua fupi. Na vumbi lilikuwa limefagiliwa, unyayo haumo.

Nilikaa chini. Mpaka jua linalala sikuugusa ule mtungi.

Kesho yake nilijificha nyuma ya ukuta. Si mtoto aliyekuja. Alikuja Nabintu, amekonda, amejifunga tawi la majani nyuma ya kitambaa, linaburuta na kufuta nyayo zake askari wasizifuate. Hatua zake zilikuwa fupi kwa uchovu.

"Mama Sifa! Unafanya nini huku? Barabara iko na bariere mbili za askari!"

Hakushtuka. "Ile mutungi ni muzito kwake, Byamungu. Iko na myaka sita tu. Wale marehemu wote, wanaume wazima, wanamutuma maji. Namusaidia."

"Na mutoto wa mugongo?"

"Nilimuacha kwa mama mukwe, kule juu. Nikitelemuka analia, nikipanda namusikia analia bado. Maziwa inaanza kukauka, sababu ya njia." Aliuweka mtungi sawa. "Weye njo mwenye makaburi. Zika muntu."

"Nizike nani? Hapa hakuna aliyekufa."

Alinicheka usoni. "Hakuna aliyekufa? Na hii harufu?"

Lakini nilikuwa nimesema kweli. Waliokufa walikuwa barabarani, na waliowaua waliwalinda. Mwanaume mmoja alikuwa amekwenda kumchukua kaka yake, akalazwa kando yake. Na waliokufa milimani walizikwa kulekule. Katika ua wetu hakuna aliyeletwa.

"Zika basi gogo," alisema.

"Gogo haina mikono ya kubeba mutungi."

Nilisema kwa mzaha mbaya, na niliona umemwingia kama sheria nyingine. Nikamwambia akae juu, nitachota minye kila siku. Akakataa. "Weye si ndugu yake."

Alikuja kila siku. Masaa matatu kutelemka, masaa manne kupanda. Siku moja, amekwenda na mtungi kijitoni, nilisikia bunduki upande wa bariere, akarudi bila mtungi, shikio tu mkononi. Kesho yake alikuja na sufuria. Nikamwambia, "Watakuua, mama." Akasema, "Ndiyo," akaniangalia. Hapo nilielewa kwamba hesabu ameshaifanya. Wakimuua, nitamzika, na akizikwa, yeye ndiye wa mwisho. Sifa atalala. Na yule wa mgongo, kule juu, atabaki na nani? Hesabu hiyo haikufika huko.

Siku mbili baadaye ziwa lilimtoa mtu.

Nilimkuta asubuhi pwani, karibu na mawe ya kufulia. Mwanaume mrefu kuliko wote niliowahi kupima. Labda mto Ruzizi ulimtelemsha toka uwanda wa Kamanyola, labda alitoka ng'ambo. Hakuwa na nguo ya kusema ni wa upande gani. Nilisimama na jembe mkononi. Mzee Kashindi angechimba palepale mchangani, bila kufikiri. Niliangalia mchanga, niliangalia njia ya milimani, nikamfunga kwenye mkeka nikamvuta mpaka ndani ya ua.

Tete la kumpimia halikutosha, niliunganisha mawili. Nabintu alipofika saa sita nilikuwa bado ndani ya shimo. Alishika jembe la pili akaanza kutoa udongo. Tulimshusha wawili, kwa kamba moja, vibaya, nasikia haya mpaka leo. Padri hakuwepo, nilisema Baba Yetu na Salamu Maria. Kisha nikaona hayatoshi, nikamwambia yule mtu, "Mugeni, utanisamehe. Hapa kuna katoto kamechoka."

Nabintu alichukua sufuria kwenye kaburi la mtoto akaiweka kwenye lile refu. Akakaa chini, kwa mara ya kwanza toka nimuone akitelemka, akapitisha mkono juu ya udongo wa Sifa kama anamfunika nguo. "Lala," alisema. Kisha alipanda mlima, na siku zile hakutelemka tena.

Hapo ningependa kumaliza, lakini minye si mtu wa kuficha kazi mbaya.

Siku ya tatu, saa sita, matone yalikuwa njiani.

Nilisema ni Nabintu amerudi. Nilijificha siku mbili nyuma ya ukuta. Hakuna aliyepita. Nilifumba macho kidogo tu, kwa jua, na nilipofumbua vumbi lilikuwa na matone mapya toka kijitoni mpaka kaburi refu. Nilikwenda kuijaza sufuria minye mwenyewe, nikaikuta imejaa. Unyayo hakuna. Na matone yalikuwa yameachana mbali. Nilipima kwa miguu yangu: toka tone mpaka tone, hatua yangu moja na nusu. Hakuna mtu kijijini mwetu aliyekuwa na hatua ile. Nilikuwa nimempima mwenyewe, kwa matete mawili.

Mtaniambia ni njaa. Njaa ninaijua, haipimi hatua.

Iliendelea miezi. Kila mchana, jua kali, ndege wamenyamaza, matone. Niliacha kupita njia ile. Nilipita kwenye miiba. Uoga ulikuwepo, lakini kilichonisumbua zaidi ni haya. Mtu yule hakuwa na mama wa kumtelemkia mlima.

Bunduki zilipopungua, watu walianza kurudi. Nabintu alirudi na mtoto mgongoni, amekonda lakini mzima, ana meno mawili. Padri Kolumu alivuka ziwa amezeeka miaka kumi. Mke wangu na watoto walivuka naye, na Mzee Kashindi aliletwa kwenye machela, miguu imevimba, kifua kinapiga filimbi. Alipenda kujua habari ya makaburi kabla hata ya habari ya mke wake, aliyekuwa amekimbilia milimani. Nikamwambia yote. Alitaka abebwe mpaka pale. Tulimweka kwenye kiti mbele ya kaburi refu, Nabintu pia alikuja. Nilingoja anitukane habari ya ziwa na mlango.

Aliangalia matone makavu vumbini.

"Huyu ni wa hapa?"

"Hapana, Mzee."

"Iko na ndugu hapa?"

"Hapana."

"Ni mugeni."

"Ndiyo, Mzee."

"Na weye unamutuma mugeni maji?" Sauti yake ilipanda mpaka akakohoa. "Muntu anafika kwenu amechoka, hamumujui jina, na mbele ya kumupa kiti munamupa mutungi? Mama yako alikuzalia wapi, Byamungu? Porini?"

Nabintu alipiga magoti. "Mzee, kosa ni yangu. Sifa..."

"Nyamaza, mama. Sifa alikuwa wa hapa, mutoto wa hapa anatumwa, hiyo si matusi. Lakini mugeni!" Alipumua kidogo. "Miezi ngapi?"

"Minne, Mzee."

"Miezi mine. Haya ya kijiji kizima." Akanyoosha kidole pembeni ya kaburi refu. "Chimba hapa."

Sasa, katika kazi yetu hatumchimbii mtu akiwa anapumua. Nilimwambia hivyo. Akasema sheria hiyo aliiweka yeye, na aliyeweka anaweza kutoa. Basi nilichimba, siku ile na kesho yake, naye amekaa kwenye kiti juu ya shimo lake mwenyewe, amejifunika blanketi. Alisema ukuta wa kushoto umepinda. Alisema nimesahau kazi, kwamba vita si sababu ya pembe mbaya. Nilinyoosha pembe mara tatu. Machozi yalichanganyika na jasho, naye akasema, "Usilowanishe udongo, utateleza."

Alikufa siku ya nne, asubuhi, na jua halijafika juu tulikuwa naye kwenye shimo. Padri Kolumu alisema misa fupi. Tulipomaliza kufukia, Nabintu alitoka katikati ya watu, akachukua sufuria kwenye kaburi la mgeni akaiweka kwenye la Mzee Kashindi. Ilikuwa tupu, niliona kwa macho yangu. Watu wote walimgeukia Padri. Alifungua mdomo, na nilijua anataka kusema nini: hadithi ya bibi, haimo ndani ya katekisimu. Aliliangalia kaburi refu. Akafunga mdomo, akainama, akaibariki sufuria.

Wengine walikwenda kula. Minye nilibaki kukusanya vyombo, nikakaa nyuma ya ukuta, nikangoja saa sita. Nililala kidogo, sitadanganya. Nilipoamka nilitembea njia yote, toka kijitoni mpaka mlangoni, nimeinama kama anayetafuta sindano. Vumbi jeupe, kavu. Hakuna tone hata moja.

Sufuria ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Yule mzee hakuwahi kufanya kazi ya ovyo.